Matundu Mawili

Nilikuwa na milioni moja na laki mbili,
fedha ya asali ya Nyamizi, mke wangu,
aliyeihesabu mara tatu juu ya godoro
kisha akasema: kanunue sikio, usinunue taa.

Maana anajua ninavyopenda taa.

Lile boksi la matundu manane dukani kwa Sizya
linawaka kijani, njano, nyekundu,
kama stesheni usiku treni ya Mpanda ikijiandaa,
na Sizya analipangusa kwa pindo la shati:
kaka, kwaya nzima inaingia humu,
kila mtu na tundu lake.
Nikamwambia, chumba changu cha Ng'ambo
kinaingia watu wanne,
wa tano awe mwembamba.

Nikaomba lile dogo.
La chuma, zito kama tofali bichi,
matundu mawili, basi.
Nikavaa hedifoni, nikataja jina langu,
na jina likanifikia papo hapo.
Kwenye kadi yangu ya zamani lilikuwa linachelewa,
linakuja nyuma yangu
kama mtoto aliyetumwa chumvi akakuta wenzake wanacheza.
Nikabonyeza kitufe cha volti arobaini na nane,
umeme wa mzimu, ndivyo tunavyouita,
maiki ikaamka:
feni ya Sizya, pumzi ya Sizya,
chenji ikihesabiwa duka la pili.
Nikalipa.

Zikabaki laki saba na nusu, na hapo ndipo kwenye mtihani.
Yupo kijana, Maduhu, anatembea na flashi shingoni:
plagini mia tatu na kumi, zimevunjwa kufuli,
elfu kumi tu.
Nilizichukua mwaka juzi, sikatai.
Nilikuwa na kompresa kumi na tisa
na sikujua hata moja inabana nini.
Nilizipanga zote juu ya sauti moja
mpaka ikawa kama mahindi yaliyokobolewa mara tatu,
nyeupe, haina ladha.
Kisha usiku mmoja kompyuta ikaandika herufi zisizosomeka,
na nyimbo kumi na moja za kina mama wa Isevya
zikaondoka bila kuaga.
Mpaka leo nikimwona Bi Kalunde sokoni
ninageukia vitunguu.

Safari hii tatu tu, za halali:
ya kubana, ya kuchonga, ya mwangwi.
Risiti nimeibandika ukutani kama cheti cha ndoa.

Ya mwangwi nikaifungua. Orodha ndefu:
Kanisa la Mawe. Ukumbi wa Dhahabu. Pango. Bafu la Hoteli.
Nikamweka Nyamizi ndani ya Kanisa la Mawe.
Akajisikiliza, akavua hedifoni:
huyu nani, amevaa koti, anatetemeka baridi?

Nikasoma maelekezo hadi luku ikaanza kulia.
Yakasema: pasua kitu mahali unapopataka,
rekodi mahali hapo panavyojibu,
nayo plagini itapakumbuka.

Tukaenda ghala la tumbaku, tupu tangu msimu uliopita,
harufu bado imeng'ang'ania kuta.
Maiki mbili, waya mbili, puto moja jekundu.
Mlinzi, Igoko, tulimwambia,
ila nadhani alisikia "picha".
Puto likapasuka.
Igoko akalala kifudifudi na rungu lake,
popo wakamwagika kwenye paa,
na ghala likajibu kwa sekunde mbili na robo,
polepole, kama mtu anayekunja jamvi.
Jibu likaingia tundu la kwanza.
Tundu la pili akaingia Igoko, akitukana.

Leo mchana Nyamizi ameimba jina la mama yake
katikati ya magodoro tuliyoyasimamisha,
akasikika mrefu, mkavu, wa hapa hapa.
Treni ikapiga honi juu ya neno la mwisho.
Nikauliza, turudie?
Akasema iache, nayo inakaa Tabora.

Lile boksi la taa bado naliota.

Na tusi la Igoko sijalifuta.
Limo, chini kabisa, desibeli hasi arobaini.
Ukipandisha sauti utalikuta.